Shati Lililo Ndani ya Mkebe wa Maziwa

Mvua, mwanangu,

Karatasi hii utainusa kabla hujaisoma, nakujua. Utajua kwamba nilianza kuiandika jua likiwa bado kali, wewe ukiwa umekwenda kuwaaga akina mama wa vichanja vya kukaushia ndagala, na utajua pia ni mstari gani ulionifanya niweke kalamu chini nikatapike nyuma ya nyumba. Mimi siwezi kuyanusa hayo. Miaka kumi sasa naishi kama mtu aliyezibwa pua kwa udongo. Kama karatasi inanuka vibaya, vumilia.

Sitakuandikia habari za kusaga meno kwa tupa kila Jumapili, wala za kujaribu kiti kwa mkono kabla hujakikalia, wala za kutomnusa mtu kwapani kabla hamjasalimiana. Yote hayo unayajua kuliko mimi. Kesho asubuhi gari la wale wageni wa wiki iliyopita litakuja hapa Ruziba, utapanda na begi lako na buti mpya walizokuletea, na mimi nitasimama mlangoni kama mama mwingine yeyote. Kwetu sisi mazimwi, mtoto akishaota meno ya pili, mzazi hamwambii "usiende." Akilitamka neno hilo, mtoto hana mzazi tena, na mimi sitaki kubaki bila mtoto. Basi silitamki. Nataka tu kukusimulia lile kofi.

Unalikumbuka, maana ni moja tu katika maisha yako yote. Ulikuwa na miaka saba. Uliukuta mkebe wa maziwa ya unga uvunguni mwa kitanda changu, ukabandua nta kwa kucha, ukaingiza uso wako wote ndani. Halafu ukanikimbilia, ukaniambia jambo kwa furaha, kama mtoto aliyeokota kitu kizuri njiani. Nikakupiga kofi ukaangukia masufuria. Hujawahi kuniuliza kwa nini, nami kwa miaka yote hii nimekuwa nikifurahi kwamba huulizi. Hiyo ni aibu ya kwanza. Zinakuja nyingine.

Nilikuambia pua yangu iliuliwa na homa ulipokuwa mdogo. Ni uongo. Ilikuwa pua nzima, na ilikuwa maarufu kutoka hapa hadi Mutakura.

Enzi zile nilimfanyia kazi Mzee Rajabu, Mwislamu wa Buyenzi, yule aliyekupa wewe pia kazi baadaye. Alikuwa akinunua ndagala kwa magunia, vile vidagaa vikavu vya ziwa letu, na kabla hajanunua gunia ilibidi mimi nisimame juu yake nivute pumzi mara moja. Nikishavuta nasema: hili limenyunyiziwa maji jana ili lipate uzito, hili chini lina mchanga, hili ni zuri, ila aliyelikausha ana jino bovu na aende kuling'oa. Mzee Rajabu alicheka hadi kofia inamwanguka. Ni binadamu pekee niliyeweza kukaa karibu naye bila kusikia kichefuchefu. Alinuka maji, kwa sababu ya kutawadha mara tano kwa siku, na karafuu kidogo.

Wengine, mwanangu, wananitia kinyaa, na sikufichi. Nilipokuwa na pua nilikuwa napanda basi la kwenda mjini nimefumba macho. Mtu anapenga kamasi kwenye kitambaa, anakikunja vizuri, anakirudisha mfukoni karibu na mkate wake. Mtu anajipaka marashi juu ya jasho la juzi, halafu ananigeuzia uso mimi. Mimi, niliyeoga ziwani asubuhi na mchanga na majani ya mchaichai! Wakiwa peke yao wanatuita mazimwi. Mbele yetu wanasema "watu wa matetini," wakidhani hatujui kwamba ni neno lile lile lililovalishwa suruali. Wakipita na watoto wao wanawavuta upande wa pili wa barabara, wasije wakaliwa.

Na kweli tulikula watu zamani. Bibi yako, mama yangu, alikula mmoja utotoni mwake, mwaka wa njaa, huko milimani. Mtu huyo alikuwa mchuuzi wa chumvi aliyepotea njia. Bibi yako alilijua jina lake, na kila mvua za kwanza zikianza alilitamka kwa sauti, uso ukiwa kuelekea mlimani, mpaka mwaka aliokufa. Ndiyo sheria yetu, na ndiyo sheria pekee tuliyo nayo ambayo naionea fahari. Usiue usichokula. Na nyama ikija nyumbani, kabla ya mtu yeyote kuonja, mkubwa wa nyumba anauliza, "Nani huyu?" na aliyeileta anajibu bila kuficha kitu: mbuzi wa fulani, kuku wa fulani, alipatikana hivi. Nyama uliyopewa kwa sababu ya kiumbe kingine, unakitaja kiumbe kile, kwa sababu kwetu nyama ya malipo ni nyama ya yule uliyelipiwa. Wewe umeikuta sheria hii nusu imekufa. Nitakueleza nani aliiua.

Vita vilipoanza wewe ulikuwa bado unatambaa, na baba yako alikuwa ameshauawa na kiboko hapa hapa ufukweni. Bibi yako alikuwa akienda mtoni kuchota maji na kurudi na ndoo tupu. Nikimuuliza, anatema mate. "Wanaua, halafu wanaacha," alisema. "Wanaacha kwa umbwa. Hawana njaa hata kidogo!" Hilo ndilo lililomshinda. Kuua alikuelewa. Kuua na kuondoka ukiwa umeshiba, hakukuelewa, na alikuwa akinawa mikono mara tatu kila alipolisema.

Sisi hatukuwa wa upande wowote, kwa kuwa hakuna aliyewahi kutuuliza tuko upande gani. Lakini wewe ulipofika miaka mitano kulianza kuonekana adabu ya ajabu. Watu waliotugeuzia uso kwenye basi wakaanza kutusalimu. Ningekuwa na akili ningesikia harufu ya adabu ile.

Pale Musaga, kwenye barabara ya kusini, waliweka kizuizi. Magogo mawili, pipa, na wanaume saba au wanane wenye bunduki nne. Mkubwa wao walimwita Shefu. Kabla ya vita alikuwa akiuza viatu vya mitumba. Siku moja nikitoka Ruziba kwenda kwa Mzee Rajabu akanisimamisha.

"Mama, ni weye unanusaka magunia kwa Rajabu?"

"Ni miye."

"Kuja hapa. Tunatafuta baruti. Watu wanafichaka mu maharage. Utatusaidia?" Kisha akamwashiria mwenzake, na yule mwenzake akaleta kiti. Kilikuwa kiti cha shule, cha miguu ya chuma, imara. Shefu akakipangusa kwa mkono wake mwenyewe. "Ikala, Mama."

Mvua, nataka uelewe kiti kile. Nilikuwa na miaka thelathini na nne. Nilikuwa nimesimama kwenye maduka yao, kwenye zahanati zao, kwenye misiba yao, nimesimama kwenye basi hata likiwa tupu. Hakuna binadamu aliyewahi kuniambia kaa. Hata Mzee Rajabu, pamoja na wema wake, aliniwekea mkeka. Nilikaa kwenye kiti kile na kiti hakikuvunjika, nikajisikia mtu mkubwa. Sasa nikikumbuka nasikia kinyaa mpaka kwenye vidole, lakini siku ile nilikipenda.

Na kazi yenyewe ilikuwa safi. Baruti ina harufu, hata mtoto anaijua. Siku ya kwanza nikaipata kwenye gunia la maharage. Siku ya pili, ndani ya dumu la mawese. Wakanisifu. "Pua ya Mama haikosei," wakawa wanasema, na mimi najifanya sisikii. Mzee Rajabu ndiye aliyekasirika.

"Mama Mvua, sikia," aliniambia. "Leo ni baruti. Kesho watakuletea mutu. Wallahi, waambie pua imekufa."

"Baruti ni baruti, Mzee. Iko na harufu."

"Na mutu je?"

Nikacheka. Nilidhani ananionea wivu, kwamba anaogopa kunipoteza. Ndivyo nilivyokuwa nimevimba kichwa kwa siku mbili za kukalia chuma cha shule.

Siku ya nne wakasimamisha mwanaume mwenye baiskeli. Nyuma amefunga boksi la vipande vya sabuni ya mawese. Hakuwa na karatasi zozote, au alikuwa nazo wakazikataa, sikuangalia. Shefu akasema:

"Mama, acha magunia. Nusa huyu. Ni wa kwetu ao ni wa kule?"

Nikainuka, nikamkaribia, nikavuta pumzi. Sasa soma polepole, mwanangu, maana hili ndilo ninalotaka ulijue kabla hujavaa buti zile.

Alikuwa amekula viazi vitamu asubuhi, bila chumvi. Alikuwa na kidonda kisigino cha kulia, kinaanza kupona, kimepakwa majivu. Alilala karibu na ukuta wa udongo mbichi. Nyumba ilikuwa mpya au ilikuwa imekarabatiwa juzi. Kulikuwa na mwanamke kwenye kola yake na moshi wa mkaa kwenye mikono yake. Sabuni ile aliikata mwenyewe. Woga wake ulikuwa mpya, wa dakika chache, hakuwa ametoka nao nyumbani. Na kwenye bega la kushoto la shati kulikuwa na maziwa ya mama yaliyocheuliwa, bado mabichi. Alikuwa amembeba mtoto mchanga asubuhi ile, akampigapiga mgongoni mpaka akacheua, akafuta kwa kiganja, hakufuta vizuri.

Nilijua yote hayo kwa pumzi moja. Sikujua kile walichoniuliza, kwa sababu kile walichoniuliza hakina harufu. Nimewanusa wote, wa kwetu na wa kule, sokoni, kwenye basi, wazima na maiti. Wananuka maharage, mkaa, sabuni na woga. Hakuna kingine. Hata wenyewe wanalijua hilo, ndiyo maana walihitaji zimwi la kuwaambia.

Ningesema, "Hapana harufu." Maneno mawili tu. Lakini wote walikuwa wananitazama, na kiti changu kiko pale nyuma yangu, na pua ya Mama haikosei. Ningependa kukuandikia kwamba niliogopa bunduki. Niliogopa, kidogo. Zaidi niliona haya kuonekana sijui.

Nikasema, "Wa kule."

Yule mtu hakupiga kelele. Aliniangalia mimi, si wao. "Mama," akaniuliza, "unanijua miye?"

Hapakuwa na mtu pale kizuizini aliyemjua kuliko mimi.

Wakampeleka nyuma ya migomba. Mimi nilirudi kukaa, na wakaniletea gunia la makaa ninuse, na nikalinusa, na nikasema liko safi. Shefu aliporudi alikuwa ameshika shati. Akanipa. "Chukua hii, Mama, ujifunze harufu yao muzuri. Kesho utatusaidia tena." Na juu ya shati akaniwekea paja zima la mbuzi, limefungwa kwenye jani la mgomba.

Hapa ndipo nilipokwenda nyuma ya nyumba. Umeshajua.

Nililipika lile paja. Nililipika na nyanya na pilipili, maana hatukuwa tumeonja nyama tangu mvua zilizopita, na wewe ulikuwa umekonda miguu. Tukakaa. Bibi yako akauliza kama kawaida, "Nani huyu?" Nikajibu, "Mbuzi wa Musaga." Nilijiambia si uongo, kwa kuwa alikuwa mbuzi kweli, na kwa kuwa sikuua mtu, nilisema neno tu. Zimwi gani anaua kwa kusema? Kwetu kuua ni meno. Hayo ndiyo makosa yangu, Mvua, na nadhani hakuna zimwi aliyewahi kuyafanya kabla yangu: nilidhani sheria yetu haishiki neno.

Bibi yako alikukatia vipande vidogo vidogo. Ulipenda uboho, ulikuwa unanyonya mfupa hadi unapiga mluzi. Tulipomaliza nikainuka kuchukua maji, na shati likanidondoka kutoka kiunoni. Pua ya bibi yako ilikuwa imezeeka, lakini haikuwa imezeeka kiasi hicho.

"Hii nguo ni ya nani?"

"Walinipatia, Mama."

"Na nyama?"

"Walinipatia pia."

"Juu ya kazi gani?"

Akalivuta shati, akalinusa begani, akalinusa tena.

"Umefanya nini?"

"Nilinusa mutu. Wakaniuliza, nikasema. Mi sikumugusa."

"Ulikuwa na njaa?"

"Apana."

"Jina yake nani?"

"Sijui, Mama."

Akaweka mfupa chini taratibu, kama unavyoweka yai. "Basi umekuwa mutu," akasema.

Hakunitukana tusi lingine, wala sijawahi kutukanwa tusi lililozidi hilo. Alitoka nje akajitia vidole kooni mpaka akatapika yote. Kisha akarudi, akakubeba wewe, akakutia na wewe vidole kooni. Ulilia usiku kucha ukimwita mkatili. Tangu siku ile mpaka kufa kwake alikula akiwa amenipa mgongo, uso ukutani. Wewe ulidhani ni mila ya wazee. Uliwahi hata kuniuliza kama ukiwa mzee na wewe utakula ukutani. Nikasema ndiyo.

Ungedhani niliacha. Sikuacha. Kesho yake nilirudi kizuizini, na shati wameniambia nije nalo, na nikaja nalo. Usinitafutie sababu, nimeshazitafuta mwenyewe na zote zinanuka.

Siku hiyo wakaleta mwanamke mwenye kapu la sombe. "Nusa." Nikamnusa. Maharage, mkaa, sabuni, woga, na majani ya muhogo yaliyotwangwa. Nikasema, "Wa kwetu." Niliamua tu. Nilijiambia nitakuwa nasema hivyo kwa kila mmoja, nitawaokoa wote, nitalipa. Yule mama akapiga magoti, akanishika mikono hii yenye kucha, akaibusu. Nikafurahi! Nikajiona mwema. Ndipo Shefu akawageukia wenzake, akasema kwa sauti kubwa watu wote wa foleni wasikie:

"Munaona? Pua inajua. Jana wa kule, leo wa kwetu. Haidanganye."

Nilikuwa nimemwokoa mwanamke kwa uongo ule ule uliomuua mwanaume, na kwa kumwokoa nimeufanya ule uongo wa jana uwe kweli. Kadiri ambavyo ningewapitisha wengi, ndivyo wale waliobaki wangeonekana wamehukumiwa kwa haki. Na kila nikitoka pale wangenifungia paja la mbuzi. Nikawaza hivyo huku yule mama bado ananishika mikono, na mikono yake ina joto.

Asubuhi iliyofuata nilikwenda kwa jirani yetu aliyekuwa akipika sabuni, nikachukua soda yake ile inayochoma. Sitakueleza nilivyofanya, nisije nikakupa fikra hiyo. Nitakuambia tu kwamba ilikuwa njia ya woga. Kulikuwa na neno la kusema na mdomo wa kulisema, na mimi nikaona ni nafuu kuiua pua. Shefu hakuniamini. Alinishikia samaki aliyeoza chini ya uso muda mrefu, akinitazama macho. Sikusikia kitu. Wakakichukua kiti chao.

Umeona sasa hesabu yangu ilivyokuwa ya kijinga. Nilimnyima Shefu pua yangu, nikasahau kwamba nyumbani kuna nyingine inakua. Mzee Rajabu hakuwa na kazi kwa zimwi asiyenusa, nikawa mbeba mizigo, na ulipofika miaka minane wewe ndiye uliyesimama juu ya magunia. Ulipata sifa upesi. Ulisema aliyekausha ndagala hizi ana mimba ya mapacha, na alizaa mapacha. Mji mzima ukasikia. Wiki iliyopita wamesikia na hawa waliokuletea buti.

Jambo jingine dogo, halafu nirudi kwenye mkebe. Sijui unanukaje. Wewe, mwanangu wa kunizaa. Tulikuita Mvua kwa sababu ulizaliwa matone ya kwanza yakipiga vumbi, na harufu ile ikawa ya kwanza kuingia puani mwako, kama ilivyo desturi yetu ya kuwapa watoto majina. Harufu yako niliyo nayo mimi ni ya mtoto wa miaka mitano, tope na uji. Ukiingia nyumbani msichana mzima, mabega yanajaza mlango, mimi nakuona tu. Hiyo imeniuma kuliko kupoteza kazi, kuliko mgongo wa mama yangu.

Shati sikulitupa. Jina la yule mtu sikulijua, na kwetu asiye na jina hana mahali pa kutamkwa. Nilikwenda Musaga mara mbili kuulizia mwanamke mwenye mtoto mchanga aliyepotelewa na mwenye baiskeli. Wanawake walinitazama, wakamtazama aliyekuwa karibu nao, wakafunga milango. Walikuwa wameniona kwenye kiti. Basi nikalikunja shati nikaliweka ndani ya mkebe wa maziwa, nikaziba kwa nta, ili kama jina halipo, harufu ibaki. Mvua za kwanza zikianza nasema "Mwenye baiskeli," kwa sauti, uso ukiwa kuelekea Musaga. Umenisikia mara nyingi ukadhani naota.

Lakini sikuwa na njia ya kujua kama bado yumo. Ningeufungua mkebe nisisikie kitu, kama kuita kwenye nyumba isiyo na watu. Kwa miaka miwili nilijiambia labda ameshatoka, labda nimebaki na kitambaa tu, na ukitaka ukweli, nilitamani awe ametoka. Mpaka siku uliyobandua nta.

Sasa hawa waliokuja wiki iliyopita. Nilikaa kwenye kona nikawatazama. Wana suruali zilizopigwa pasi na kalamu mifukoni. Hawakukugeuzia uso, hawakuziba pua. "Ni baruti tu, Mama," waliniambia mara tatu, bila mimi kuuliza. "Binti atatusaidia kutafuta silaha, basi, juu ya amani." Walipoondoka ulikuja kunishika bega, unacheka na meno yako yote, ukasema, "Mama, mu biro yao nitakuwa na kiti changu!"

Nilikupongeza kwa kiti hicho cha ofisini. Nilikupikia ndagala na mawese. Halafu nikatafuta kalamu.

Nenda, Mvua. Nasema hivyo kwa moyo wangu kadiri ninavyoweza. Labda ni baruti kweli. Labda hawa ni wengine, mimi najua nini, sina pua. Ukipata baruti, sema ni baruti, na ukae kwenye kiti chako bila haya. Lakini nimeweka mkebe ndani ya begi lako, chini ya blanketi, na nta ni ile niliyoirudishia siku ile ya kofi. Umembeba wewe sasa. Mimi sina la kumfanyia zaidi yule mtu, ila kumtoa uvunguni.

Kama watakuja kukuletea mtu, watakuuliza swali lile lile, kwa maneno mazuri zaidi labda, na watakutazama wote. Usihangaike kutafuta la kusema, kwa sababu ulishalisema ukiwa na miaka saba. Ulinikimbilia na nta kwenye kucha na uso umekunjuka kwa furaha, ukasema, "Mama! Kuko mutu humu, na amebeba mutoto!" Ndipo nikakupiga. Nilikupiga kwa kuwa ulisema kwa pumzi moja, bila kuombwa, bila kupewa kitu, jibu lote.

Wape hilo. Wakiuliza tena, warudishie hilo hilo, kisha uinuke. Mimi nililijua miaka miwili kabla yako, nikakaa.

Mama yako,
Ruziba